Yungiyungi la Buluu, Kutoka Mbugani Hadi Uani

Yungiyungi la buluu ni mmea wa kudumu unaoota ndani ya maji yaliyotulia: kwenye mabwawa, malambo ya kunyweshea mifugo, vidimbwi vya mbugani, mifereji ya umwagiliaji na kingo za mito inayokwenda taratibu. Kitaalamu huitwa Nymphaea nouchali, na namna yake iliyoenea zaidi barani Afrika huongezewa jina la caerulea. Makazi yake ya asili yanaanzia bonde la Nile nchini Misri hadi Afrika Kusini, na hapa Tanzania huonekana karibu kila mkoa wenye maji ya kina kifupi na jua la kutosha. Wamisri wa kale walilipanda kwenye madimbwi ya makasri, wakalichora kwenye kuta za makaburi na kuwazika wakubwa wao pamoja na petali zake. Kwetu halikupata heshima hiyo. Kwa kuwa lipo tu, hakuna aliyeona haja ya kulipanda, na mkulima wa mpunga hulijua kama gugu la kung'oa jarubani.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una mazingira yanayoufaa sana mmea huu. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi ambayo tone la mvua ni habari. Ardhi ya mabondeni ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kushika maji wakati wa masika, halafu hupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi kinapokolea. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471, Mto Katuma unalisha maziwa mawili ya msimu, Katavi na Chada. Masika yakiwa mazuri, maji hutanda nyandani hadi upeo wa macho. Ifikapo Septemba na Oktoba sehemu kubwa imebaki tope, na viboko kwa mamia hubanana humo wakigombea mahali pa kulowesha migongo.

Mmea unaoishi mahali pa namna hiyo hauna budi kumudu hali mbili zinazopingana: kuelea kwenye maji miezi kadhaa, na kuvumilia tope lililokauka miezi inayobaki. Yungiyungi hufanya yote mawili. Maji yanapotoweka, majani hukauka na kuoza, lakini kiazi kilichofukiwa kwenye tope hubaki hai kikisubiri mvua. Mtu anayetaka kulipanda nyumbani mkoani humu, iwe Mpanda, Inyonga au Majimoto, akilielewa jambo hili moja, mengine yote ya utunzaji huwa mepesi. Wengi hudhani ua la maji linahitaji maji mwaka mzima, kwa hiyo haliwezekani katika mji ambao bomba halitoki kila siku. Yungiyungi la asili halina sharti hilo.

Umbo la mmea lenyewe linaeleza maisha yake. Kiazi, chenye ukubwa wa limau au zaidi, hukaa ndani ya tope na kushikiliwa na mizizi mingi laini. Kutoka kwenye kichwa cha kiazi huchomoza vikonyo virefu, kila kimoja kikibeba jani moja la mviringo lenye mpasuko unaofika katikati. Upande wa juu jani ni kijani lenye kung'aa na maji hayagandi juu yake. Upande wa chini mara nyingi lina rangi ya zambarau au madoa ya hudhurungi. Majani ya mimea mingi ya nchi kavu huwa na matundu mengi ya kupumulia upande wa chini. Ya yungiyungi yapo juu, yanakoonana na hewa. Ndani ya vikonyo mna mirija mipana inayopeleka hewa chini hadi kwenye kiazi, kwa sababu tope la mbuga halina hewa. Maji yakipanda baada ya mvua kubwa, vikonyo hurefuka kuyafuata, na baada ya siku chache majani yako juu tena.

Ua hubebwa na kikonyo chake na kusimama juu ya maji, wakati mwingine kwa kimo cha rula ya mwanafunzi. Lina sepali nne za kijani zenye mistari au vidoa vyeusi, na petali nyingi zilizochongoka, za buluu ya kufifia, waridi hafifu au karibu nyeupe. Katikati kuna duara la stameni za manjano. Hufunguka asubuhi jua likishapanda, hufunga alasiri, na hurudia hivyo kwa siku tatu au nne.

Siku hizo hazifanani. Siku ya kwanza ua ni la kike: katikati yake kuna kisima kidogo cha majimaji, na nyuki au nzi anayeteleza humo akitoka kwenye ua jingine huoshwa chavua aliyobeba. Baadhi ya wadudu hao hufia humo. Kuanzia siku ya pili kisima hukauka, stameni hufunguka, na ua huwa la kiume, linatoa chavua badala ya kupokea. Kwa mpangilio huo ua halijichavushi kirahisi. Likiisha kazi hujifunga moja kwa moja, kikonyo hujikunja na kulivuta chini ya maji, na tunda huivia humo. Tunda ni laini kama sifongo na lina mbegu nyingi ndogo mno. Likipasuka, mbegu huelea kwa muda zikiwa ndani ya utando wenye hewa, hupeperushwa na upepo hadi upande mwingine wa bwawa, kisha utando huoza na mbegu huzama.

Mmea hautumiwi na wadudu peke yao. Sile-maua, ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, hutembea juu ya majani yake kana kwamba ni sakafu na kutaga kwenye mimea hiyohiyo inayoelea. Dume ndiye anayeatamia na kulea, naye jike huenda kutagia madume wengine. Binadamu pia wamekula yungiyungi. Katika delta ya Okavango nchini Botswana viazi na vikonyo hupikwa pamoja na nyama, na huko Sudan Kusini familia zilizokimbia vita zimewahi kuishi kwa mbegu na viazi vyake.

Yungiyungi la buluu lina ndugu wanaofaa kutajwa, kwani mpandaji anaweza kukutana nao. Mmoja ni yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, ambalo hufunguka jioni na kufunga kesho yake jua likiwa limepanda. Kingo za majani yake zina meno makali. Mwingine ni wa Zanzibar. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Johann Hildebrandt alikusanya kisiwani yungiyungi lenye buluu iliyokolea zaidi, na mwaka 1877 mtaalamu Robert Caspary wa Königsberg akalipa jina la zanzibariensis. Siku hizi huhesabiwa kuwa namna tu ya yungiyungi la buluu la kawaida, lakini damu yake imo katika mengi ya mayungiyungi ya buluu yanayouzwa Ulaya na Marekani. Wa tatu ni wa bara, na ni wa ajabu zaidi kwa sababu ua lake ni la manjano: Nymphaea stuhlmannii, lililopewa jina la msafiri Franz Stuhlmann. Ni mmea wa Tanzania, wa sehemu za kati na magharibi.

Habari ya hilo la manjano inagusa jambo ambalo kila mkazi wa Katavi analijua, yaani mbung'o. B. D. Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika, na kazi yake ilikuwa kuchunguza ni vichaka na miti gani inayowahifadhi wadudu hao. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Jina la Burtt lilipewa yungiyungi la manjano lililopelekwa St. Louis, Marekani, na ambalo leo huhesabiwa kuwa ni lilelile la Stuhlmann. Huko St. Louis, George Pring wa Missouri Botanical Garden alilichanganya na yungiyungi lake jeupe, akapata mwanzoni mwa miaka ya 1930 ua la manjano lililoitwa St. Louis. Kwa hiyo bustani za mbali zimekwisha kutajirika kwa mayungiyungi ya Tanzania, na si ajabu kwamba mtu wa Dar es Salaam huuziwa kwa bei kubwa mmea wa kigeni ambao bibi yake alitoka nchini humu.

Kupata mmea wa kuanzia si kazi kubwa, ila kuna mahali pa kutafuta na mahali pa kuacha. Ndani ya hifadhi ya taifa mmea haung'olewi, hata uwe mwingi kiasi gani. Bwawa la Milala, karibu na mji wa Mpanda, lina viboko, na hakuna ua linalostahili kumsogelea kiboko kwa ajili yake. Mahali salama na halali ni majaruba ya mpunga, kwa mfano ya Mwamkulu, pamoja na mifereji yake na malambo madogo ya watu binafsi. Mwenye shamba akiombwa hukubali kwa furaha, maana anaondolewa gugu. Wakati mzuri ni Januari hadi Machi, majani yakiwa wazi na mmea ukiwa na nguvu. Huchimbwa kwa mkono au kwa jembe dogo, kiazi kikiwa na mizizi na bonge la tope. Majani makubwa hukatwa, yabaki mawili au matatu machanga. Mmea hufungwa kwenye gunia lililoloweshwa na kupandwa siku hiyohiyo. Kabla ya hapo ni lazima usuguliwe na kusuuzwa vizuri, kwa sababu mayai ya konokono hujibandika chini ya majani, na baadhi ya konokono wa maji matamu ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Anayeingia jarubani kuuchimba avae buti za mpira kwa sababu hiyohiyo.

Chombo cha kupandia si lazima kiwe bwawa. Pipa la lita 200 likikatwa katikati hutoa vyombo viwili vyenye kina cha sentimita 40 na ushei, na kila kimoja kinatosha mmea mmoja. Beseni pana la plastiki, tangi la saruji lililokatwa au shimo lililotandikwa nailoni nzito, yote hufaa. La muhimu ni upana kuliko kina, kwa sababu majani yanahitaji uso wa maji wa kutandaa. Pipa lililokuwa na dawa za kilimo au mafuta lisitumike hata likioshwa mara ngapi. Chombo kipya cha saruji hutoa chokaa inayochoma mizizi, hivyo hujazwa maji na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki mbili au tatu kabla ya kupanda.

Mahali pa kukiweka panapaswa kupata jua angalau saa sita kwa siku. Chini ya mwembe yungiyungi litaota majani mazuri na halitatoa ua hata moja. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa wanaoanza, ambao huogopa jua la Mpanda wakadhani mmea wa maji unataka kivuli. Maji yasiwe ya kutiririka wala ya kumwagikia majani kutoka juu. Bomba la mapambo linalorusha maji na yungiyungi havikai pamoja.

Kuhusu udongo, Katavi ina bahati. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye jembe na kumchosha mkulima wa mahindi, ndio bora kwa yungiyungi, kwani ni mzito, hauelei, na hushika virutubisho. Udongo wa kichanga hauna chakula cha kutosha, na ule wa bustani uliojaa mboji huelea na kuyafanya maji kuwa meusi. Samadi ndiyo adui mkubwa. Ikizama majini huoza bila hewa, hunuka, huchochea mwani wa kijani na mara nyingi huozesha kiazi. Mbolea ikihitajika, kijiko cha chai cha NPK hufungwa kwenye karatasi na kusukumwa ndani kabisa ya udongo, mbali kidogo na kiazi, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua. Karatasi huoza, na mbolea hubaki chini inakotakiwa.

Upandaji hufanywa kwenye chombo kidogo kinachozamishwa ndani ya kile kikubwa: beseni au ndoo iliyokatwa yenye upana wa sentimita 25 hadi 30. Udongo uliopepetwa mizizi na takataka hujazwa na kushindiliwa, kiazi husimamishwa katikati, na kichwa chake huachwa wazi kidogo. Kikifukiwa chote huoza. Juu hutandazwa changarawe au mchanga mzito kwa unene wa vidole viwili ili udongo usitibuke. Chombo hicho huloweshwa kwanza, kisha hushushwa polepole hadi kufikia maji ya kina cha sentimita 10 juu ya kiazi. Matofali huwekwa chini yake kukiinua. Majani mapya yakifika juu, tofali moja huondolewa, na kadiri mmea unavyokua hushushwa hadi kina cha sentimita 25, au hata 40 ikiwa chombo kikubwa kina kina cha kutosha. Maji ya bomba yenye klorini huachwa yatulie siku moja kabla ya kutumika.

Wiki za mwanzo maji hugeuka kijani. Hapo watu wengi huyamwaga na kuweka mapya, na mapya nayo hugeuka kijani, maana kila maji mapya huleta chakula kipya cha mwani. Ni heri kuvumilia. Majani ya yungiyungi yakishafunika nusu ya uso wa maji au zaidi, mwani hukosa mwanga na maji husafika yenyewe. Viluwiluwi vya vyura husaidia kuukwangua. Majani yaliyogeuka manjano hukatwa karibu na kiazi yasiozee majini. Vidukari wakijaa juu ya majani huoshwa kwa maji ya kumwagilia waangukie majini. Sumu ya kunyunyizia isitumike, kwa kuwa itaua nyuki, vyura na samaki pamoja.

Maji yaliyotuama Mpanda ni suala la mbu, na hapa hakuna mzaha. Mbu wa malaria huhitaji siku saba hadi kumi hivi katika maji ya joto ili kutoka yai hadi kuwa na mabawa, na chombo chenye jua kinamfaa mbu kama kinavyolifaa yungiyungi. Njia nyepesi ni samaki. Vifaranga vitatu au vinne vya perege hula viluwiluwi vya mbu bila kuchoka, ila wakikua huchimba tope na kutafuna mimea, kwa hiyo hutolewa na kuwekwa wengine wadogo. Asiyetaka samaki atumie viuadudu vya kibayolojia, ambavyo hutengenezwa kwa bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu na kutodhuru samaki, nyuki wala mimea. Tanzania ina kiwanda chake cha bidhaa hiyo huko Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Dawa hiyo hurudiwa kwa kipindi kilichoandikwa kwenye chupa, si mara moja tu. Mafuta ya taa au mafuta machafu ya injini, ambayo watu wamezoea kumwaga kwenye madimbwi, huziba matundu ya kupumulia yaliyo juu ya majani na kuua mmea. Mahali penye watoto wadogo, wavu wa chuma hufungwa sentimita chache chini ya uso wa maji. Vikonyo hupenya katikati yake, na hatari ya mtoto kuzama hupungua.

Kiangazi kikifika, mwenye bustani huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kuongeza maji. Katika nusu ya pipa, kila sentimita moja inayopungua ni takribani lita mbili na nusu, na katika jua na upepo wa Septemba sentimita kadhaa hupotea kila wiki. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki hutosha, hata ile ya maji yaliyosuuza mboga. Maji ya sabuni hayafai. Mmea utaendelea na maua, ingawa baridi ya usiku ya Juni na Julai huupunguza kasi.

Njia ya pili ni kufuata mwendo wa mbuga, nayo ndiyo inayofaa zaidi katika mkoa huu. Kuanzia Juni maji hayaongezwi. Kina kinavyopungua majani hupungua pia, kisha hufa. Chombo kidogo chenye kiazi hutolewa, huwekwa kivulini, na udongo huachwa ukauke hadi uwe na unyevu kidogo tu. Kufikia hapo juu ya udongo hakuna kitu cha kuonekana, na mara nyingi wageni hushauri chombo kitupwe. Kiazi kinaweza pia kuchimbwa, kuoshwa na kufukiwa kwenye mchanga wenye unyevunyevu ndani ya kopo lenye matundu, mbali na panya, ambao hukipenda. Mvua za Novemba zikianza, hurudishwa kwenye maji ya kina kifupi, na majani ya kwanza, membamba na yenye umbo la mshale, huchomoza chini ya maji kabla ya yale ya mviringo. Chombo kilichokauka miezi minne hakizalishi mbu wala konokono, jambo ambalo peke yake linatosha kuipendelea njia hii. Tena mkoani humu maji ya kiangazi yana wenyewe. Kwa miaka mingi sasa Mto Katuma hukauka mapema kutokana na matumizi ya maji kwenye mashamba ya juu, na wanaoumia ni watu na wanyama wa chini.

Kando ya chombo, kwenye ardhi inayolowana, hufaa kupandwa nyinyoro, ambazo nazo huota mbugani na kutoa maua makubwa meupe au yenye mistari ya waridi mvua za kwanza zinaponyesha. Tunguu zao ni sumu zikiliwa, na hilo watoto waambiwe.

Kinachopaswa kuepukwa ni gugu maji. Ua lake la zambarau hafifu ni zuri, mmea huelea bila udongo wala kazi yoyote, na kwa sababu hiyo watu hubebeana kama zawadi. Asili yake ni Amerika Kusini. Lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifunga bandari, likazuia mitumbwi na kuwafukuza samaki kwenye ghuba, hadi walipoletwa wadudu maalumu wa kulila. Tofauti ni rahisi: gugu maji huelea kwa vikonyo vilivyovimba kama puto na mizizi yake huning'inia majini, ilhali yungiyungi limefungwa kwenye tope na majani yake yamelala bapa. Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika yako karibu mno na Mpanda kwa mtu kufanya majaribio ya aina hiyo uani.

Kuzidisha yungiyungi hufanywa kwa viazi au kwa mbegu. Kiazi kikubwa huzaa vidogo pembeni, na wakati wa kukihamisha Novemba vidogo hivyo hutenganishwa kwa mkono na kupandwa kila kimoja peke yake. Mbegu zinahitaji uangalifu zaidi. Ua likishazama, tunda hufungwa kwenye kipande cha chandarua cha zamani ili likipasuka mbegu zisitawanyike. Baada ya siku chache utando huoza, na mbegu huoshwa. Zinaweza kupandwa papo hapo, au kukaushwa kivulini na kuwekwa hadi masika yanayofuata. Hunyunyizwa juu ya udongo wa mbuga uliochekechwa, ndani ya bakuli pana, zikafunikwa kwa mchanga mwembamba kama chumvi iliyonyunyizwa kwenye chakula, na maji yakamiminwa polepole hadi kina cha vidole viwili. Kwenye jua na joto huota baada ya wiki mbili hadi nne. Miche yenye majani matatu au manne yanayoelea huhamishiwa kila mmoja kwenye kopo lake, na maji huongezwa kadiri vikonyo vinavyorefuka. Iliyopandwa Novemba na kupata jua la kutosha huweza kuchanua kabla masika hayajaisha. Iliyochelewa huchanua msimu unaofuata.

Ua likikatwa kwa ajili ya chombo cha mezani hufunga alasiri kama lifanyavyo bwawani, kwa hiyo si la sherehe za usiku. Wauza maua wa zamani walilidanganya kwa kudondosha nta ya mshumaa kwenye vitako vya petali asubuhi lilipokuwa wazi. Asiyetaka hila hiyo achume yungiyungi jeupe, ambalo huwa limefunguka saa za wageni.